Utamaduni na Mpaka: Fundisho la Paya

Neno utamaduni hutajwa kila siku, lakini mara nyingi maana yake hupunguzwa mno. Wako wanaodhani kwamba utamaduni ni ngoma za sherehe na mavazi ya wazee. Wako pia wanaodhani kuwa ni kitu cha damu, ambacho mtu huzaliwa nacho na hawezi kukipokea kutoka kwa jirani. Fikira zote mbili ni za makosa, na hiyo ya pili ina hatari kubwa kwa askari aliyekabidhiwa amani ya nchi yenye makabila mengi. Historia ya Paya, na ya nchi yote ya Tororo na Busia mpakani mwa Uganda na Kenya, yatosha kuthibitisha jambo hilo.

Utamaduni ni jumla ya mambo ambayo watu wamejifunza kwa kuishi pamoja: lugha, namna ya kulima na kupika, ya kuoa na kuzika, ya kumheshimu mkubwa, ya kumwomba Mungu na ya kukata magomvi. Hutofautiana kwa kuwa kila kundi limepita njia yake na kukutana na majirani wake.

Paya imo katika Budama ya Magharibi, nchi ya Wapadhola, ambao wenyewe hujiita Jopadhola. Lugha yao ni ya jamii ya Kiluo. Mapokeo yao husimulia kwamba Adhola na Owiny walikuwa ndugu. Adhola alipata jeraha akabaki, na Owiny akaendelea na watu wake hadi nchi ambayo leo ni Kenya. Kama utamaduni ungekuwa damu tu, Wapadhola wangefanana kwa kila jambo na jamaa zao wa Acholi na wa Kisumu. Lakini sivyo. Waluo wa Kenya humwita Mungu Nyasaye, na Waacholi wana neno lao la kale, Jok. Wapadhola humwita Were, jina linalofanana na Wele wa Wabukusu, ambao ni Wabantu. Watu walihifadhi lugha ya wazee wao, na katika ibada wakashirikiana na majirani.

Majirani hao ni wengi. Wateso wana lugha iliyo karibu na ya Wakaramojong na Waturkana. Wanyole na Wasamia husema lugha za Kibantu. Wagisu wa Mbale huwatahiri vijana wao katika sherehe ya imbalu, ilhali Wapadhola hawana desturi hiyo. Kijana wa Paya si mtoto kwa sababu hakutahiriwa, wala kijana wa Mbale si mkatili kwa sababu alitahiriwa. Na pamoja na tofauti hizo, pombe ya ulezi hunywewa kwa mirija mirefu katika chungu kimoja: Mteso huiita ajon, Mpadhola huiita kongo.

Mambo hayo hayakueleweka kwa watawala wa kikoloni. Karibu na mwaka 1900 Semei Kakungulu, mkuu kutoka Buganda, aliingia nchi hizi na watu wenye bunduki, na Waingereza wakaitumia kazi yake kueneza utawala wao. Wenyeji hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo. Kwa kuwa hapakuonekana kiti cha enzi, ilidhaniwa kwamba hapakuwa na utaratibu. Hata jina Bukedi, ambalo wilaya ilipewa, lilieleweka kuwa nchi ya watu walio uchi. Hivyo watu walihukumiwa kwa mavazi yao kabla ya kuulizwa sheria zao.

Kisha, tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka, lakini lugha na arusi zao hazikukatwa.

Hatari ya kuufanya utamaduni kuwa ukuta ingaliko. Katika miaka ya 2000, swali la kuigawa wilaya ya Tororo, na hasa la mji wenyewe kuwa wa nani, lilizusha mgogoro kati ya Wateso na Wapadhola. Katika mgogoro wa namna hiyo, askari anayeamini kwamba kabila fulani ni la wakorofi kwa asili amekwisha kuchukua upande, hata kama hakusema neno.

Askari mwenyewe ni ushahidi. Katika kikosi cha 4 cha Keya, kilichokuwa cha Uganda, watu wa makabila mbalimbali walijifunza Kiswahili, saluti na nidhamu moja. Hakuna aliyezaliwa navyo.

Wahenga walisema: mwacha mila ni mtumwa. Hawakusema kwamba mwenye mila nyingine ni adui. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili maofisa wa nchi mbili wafanye kazi mahali pamoja. Mama Msamia anayekipita kwenda kumzika nduguye hana budi kukaguliwa kwa sheria ile ile inayomhusu kila mtu. Lakini lafudhi yake na mavazi yake si ushahidi wa kosa lolote.