Nani Alifundisha Darasa la Kwanza? Historia Fupi ya Kusoma Katika Shule Zetu

1. Utangulizi

Shule inapotajwa kuwa duni, kwa kawaida watu hutazama matokeo ya mtihani wa Darasa la Saba. Katika makala hii tunakusudia kutazama mwanzo wa safari, yaani Darasa la Kwanza na la Pili, ambako mtoto hufundishwa kusoma. Swali letu ni la kihistoria: katika Tanzania Bara, ni nani aliyewekwa mbele ya mtoto huyo, na kwa maandalizi gani? Tunaona kwamba kila mara milango ya shule ilipopanuliwa, madarasa ya mwanzo yaliangukia mikononi mwa walioandaliwa kwa uchache kuliko wengine.

2. Shule za vichakani

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwao, kama kwa misheni nyingine, kusoma kuliambatana na mafundisho ya ubatizo. Shule zilipoenea vijijini, mwalimu alikuwa mara nyingi mwinjilisti ambaye mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu. Jambo moja lilimsaidia mwanafunzi: mara nyingi alianza kusoma kwa lugha ya nyumbani, mathalani Kichaga, hivyo alilolitamka alilielewa. Lakini kitabu kilikuwa hasa katekisimo, nayo ilikaririwa. Haikuwa rahisi kutofautisha anayesoma na anayekumbuka.

Baada ya ziara ya Tume ya Phelps-Stokes mwaka 1924, serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia viwango vilivyowekwa. Shule za vichakani, ambazo ndizo zilizokuwa na watoto wengi, kwa sehemu kubwa zilibaki nje ya ruzuku hiyo. Hivyo msaada ulikwenda kule ambako tayari kulikuwa na nafuu.

3. Elimu ya Msingi kwa Wote

Novemba 1974, mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliazimia kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule awe shuleni. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Kwa hiyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza Darasa la Saba walifundishwa ualimu wakiwa vijijini, huku wakifundisha, na waliyopewa kwanza ni madarasa ya chini.

Wananchi waliigeuza UPE kwa mzaha kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo haukuwatendea haki vijana hao. Bila wao watoto wengi wasingeingia darasani kabisa. Kosa halikuwa lao, bali lilikuwa katika fikra kwamba kufundisha kusoma ni kazi nyepesi inayoweza kufanywa na yeyote anayejua kusoma.

4. Kutoka wingi hadi KKK

Ada ilipofutwa kuanzia mwaka 2001, historia ilijirudia. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi takriban milioni 6.6 mwaka 2003. Tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha matunda machungu ya wingi huo: katika tathmini zake za mwanzo, takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili.

Tatizo hili lina sura yake katika Kiswahili. Kwa kuwa silabi zetu husomeka kama zinavyoandikwa, darasa zima laweza kuimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa ufasaha pasipo mtoto mmoja mmoja kuweza kusoma sentensi na kueleza maana yake. Darasa lenye watoto mia moja huficha udhaifu huo kwa urahisi, hasa pale ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani.

Mwaka 2015 ulianzishwa mtaala mpya wa Darasa la Kwanza na la Pili uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kabla yake, mwaka 2014, mpango wa EQUIP-Tanzania ulikuwa umeanza katika mikoa iliyokuwa nyuma, miongoni mwao Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Walimu wa madarasa ya mwanzo walipewa mafunzo wakiwa kazini, na watoto wasiopata elimu ya awali walitayarishwa kwa hadithi na michezo kabla ya kuanza shule. Safari hii mwalimu wa mwanzo na mikoa iliyo nyuma walitangulizwa.

5. Hitimisho

Mipango ina mwisho, lakini kila Januari watoto wapya huingia. Kwa hiyo hatuna budi kuwaomba walimu wakuu wampange Darasa la Kwanza mwalimu wao hodari, wala si aliyechoka au aliyefika jana. Vyuo vyetu, navyo, viufundishe ufundi wa kusomesha kwa heshima ileile vinayoyapa masomo ya juu. Mzazi naye amwombe mtoto asome ukurasa asioukariri, kisha aeleze alichosoma. Mtoto asiyejua kusoma afikapo Darasa la Tatu hukaa miaka kadhaa zaidi mbele ya vitabu vilivyofungwa kwake.