Jicho Pofu la Nelson

Waingereza, wamtajapo mtu apuuzaye jambo alijualo, husema amelielekezea jicho pofu. Msemo huu wahusishwa sana na vita vya Copenhagen vya tarehe 2 Aprili, 1801. Admeri Hyde Parker, mkuu wa manowari zote, akiwa mbali na mapigano, alitweka bendera za kuamuru yakome. Yasimuliwa kwamba Nelson, ambaye jicho lake la kulia liliharibika kisiwani Corsica mwaka 1794, aliweka darubini kwenye jicho hilo, akasema haioni ishara. Akaendelea kupigana, akashinda. Kapteni Riou aliitii amri, na katika kugeuza manowari yake akauawa kwa risasi ya mzinga. Mwaka ule ule Parker aliitwa nyumbani, na Nelson akashika mahali pake.

Ushindi usitupumbaze. Kipofu halaumiwi kwa asichokiona. Bali achaguaye jicho la kutazamia amekwisha kuona. Kiswahili chamwita mtu huyo aliyejitia hamnazo. Naye hakukosa kutia maanani: alipima, kisha akapuuza, basi matokeo, yawe heri au shari, ni yake.