Hati ya Mfalme na Mashauri ya Madai katika Uingereza

Katika karne ya 13, mtu aliyetaka kudai haki yake katika mahakama za Mfalme wa Uingereza hakuanza kwa hakimu. Alianza kwa makarani wa Chansela, akanunua hati yenye muhuri wa Mfalme. Kila namna ya dai ilikuwa na hati yake: ya ardhi, ya deni, ya mali iliyozuiliwa. Aliyechukua hati isiyolingana na dai lake alishindwa, hata kama haki ilikuwa yake. Ikambidi aanze upya, na kulipa tena. Wala hati mpya hazikutungwa kwa wepesi, kwani mwaka 1258 mabaroni walimwapisha Chansela asitie muhuri hati ngeni bila idhini ya Mfalme na baraza lake.

Tena kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo wadai wengi hawakuijua. Ukiacha miaka michache baada ya 1650, desturi hiyo ilidumu hata 1733, sheria ilipoamuru Kiingereza.

Mwaka 1852 Bunge liliondoa sharti la kutaja namna ya dai katika hati. Na sheria za 1873 na 1875 zikaziunganisha mahakama za juu. Kanuni zilizoanza tarehe 26 Aprili 1999 ziligusa msamiati wenyewe. Neno “plaintiff”, ambalo kwa asili ni mlalamikaji, liliachwa, na mahali pake pakashikwa na “claimant”, yaani mdai: neno ambalo Kiswahili cha mahakamani hakikuhitaji kulitafuta.