Kilo 32: Nani Anabeba Begi Lako?

Wasee, wiki jana nilipima sanduku kwenye mizani ya viazi. Si mzaha.

Binamu yangu anafanya kazi Diani na amejifunza kuzamia baharini. Sasa ana vifaa vyake mwenyewe na anataka kwenda Pemba kuviogesha. Alipitia kwetu Lanet kusalimia, akaja na sanduku kubwa gumu la magurudumu manne. Linang'aa, liko sawa kabisa kwa picha. Tukalivuta hadi kwa mama anayeuza viazi kando ya barabara, kwa sababu ndiye mwenye mizani mtaani. Kijana anayempakilia magunia akaliinua, akashika kiuno. Mama akauliza, "Vijana wangu, mnasafirisha jenereta?"

Kilo 27. Sanduku lenyewe, likiwa tupu, ni kilo 5.

Ndege yake ya kutoka Nairobi inaruhusu 23. Ile ndogo ya kuvuka hadi Pemba inaruhusu 15. Binamu akaanza kulalamika: hawa watu wa ndege wana roho mbaya, hizo namba wanazitoa hewani tu. Nikaamua kutafuta zinatoka wapi, na nilichopata kimenikaa kichwani.

Tuanze na leo. Kwa mashirika mengi, mzigo wa kawaida ni kilo 23. Hata ukilipa zaidi, mara nyingi sanduku moja haliruhusiwi kupita kilo 32. Kwa nini 32? Ndege kubwa inabeba tani kibao, kwa hivyo kilo chache haziiumizi. Shida ni kwamba pale uwanjani kuna mtu ameinama kwenye tumbo la ndege, anainua mizigo kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Hiyo 32 imewekwa kulinda mgongo wake.

Sasa rudi nyuma hadi karne ya 19. Wafanyabiashara wa pwani walipima kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Misafara ilitoka Mombasa, Pangani na Bagamoyo ikipanda bara, mingine ikipita hili Bonde la Ufa letu kuelekea Baringo. Pembe za ndovu, nguo, shanga, nyaya, vyote vilienda kwa kichwa na bega. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hadi 70. Ratili 70 ni frasila mbili. Piga hesabu: kilo 32.

Sisemi mashirika ya ndege yalinakili kwa wapagazi. Nasema mwili ni uleule. Ukiuliza binadamu mmoja anaweza kuinua kiasi gani siku nzima na kesho aamke arudi kazini, jibu halijasonga sana tangu enzi za misafara. Na mpagazi, juu ya huo mzigo, alikuwa na mkeka wake na chakula chake.

Kitu kingine hatuambiwi shuleni: wapagazi wa kulipwa hawakuwa watu wa kunyamaza tu. Mzigo ukizidi waligoma, au kesho yake kiongozi wa msafara anaamka anakuta watu wametoroka. Uzito ulikuwa ni jambo la kujadiliana.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya Waafrika kubeba risasi na chakula cha jeshi, wengi kwa lazima. Hapo hakukuwa na kujadiliana. Hata kwa hesabu rasmi, zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa. Kikosi chao cha wabebaji kiliitwa Carrier Corps. Sema hilo jina haraka haraka kwa ulimi wetu: Kariokor, Nairobi. Kariakoo, Dar. Tunanunua viondo na viatu pale, na jina la mahali ni mzigo wa mtu.

Turudi kwa sanduku la binamu. Yale magurudumu ni ya juzi. Mmarekani Bernard Sadow alipata hati miliki ya sanduku la kuvutwa mwaka 1972. Rubani Robert Plath akaja na lile la kusimama wima lenye mpini mrefu mwaka 1987. Maoni yangu, na mnaweza kubishana: gurudumu lilimsaidia msafiri tu. Likakufanya usisikie uzito, kwa hivyo ukazidi kujaza. Lakini kwenye mlango wa ndege, au juu ya matatu, hakuna anayevuta. Kuna mtu anainua.

Kwa hivyo usichague begi kwa picha. Tulifanya hivi. Kwanza, vile vipande vya risasi vya mkanda wa kuzamia (hapa karibu na kambi ya jeshi nafafanua mapema: madini, si ya bunduki) tuliviacha, kilo 6. Vinakodishwa kule kule, sawa na mtungi wa hewa. Pili, kifaa cha kupumulia, miwani na kompyuta ya kuzamia viliingia kwenye mkoba wa mkononi, kilo 3, kwa sababu hicho ndicho kinakupa pumzi na hutaki kirushwe. Betri za akiba za tochi pia zinakaa nawe, si kwenye mzigo wa chini. Tatu, sanduku gumu lilibaki kwetu. Tukatafuta begi laini la kilo 2, likameza vazi la mpira, jaketi la kuelea na mapezi.

Tukarudi kwa mama. Kilo 15 kamili. Binamu bado anasema begi halina swagi.

Yule kijana wa magunia akaliinua kwa mkono mmoja, akaliweka chini. "Hili hata sitawalipisha," akasema.