Ndovu wa 1923, Risasi za 1922

Mnywaji gani wa Nairobi hajui hadithi ya ndovu? Walowezi wawili wa tumbo moja, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia mwaka 1922, na Desemba hiyo hiyo kreti za kwanza zikapelekwa Stanley Hotel. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni. Ndipo bia ikaja kuitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe.

Mdogo wangu alipokuja kunitembelea alitaka kuona mahali hadithi hii ilipoanzia, basi tukaenda Ruaraka. Harufu ya kimea, matangi marefu, chupa zikigongana kwa kelele mpaka husikii mwenzako. Alichonasa yeye ni msiba. "Kumbe nembo hii ni matanga ya mtu na nduguye," akasema. Sikuwahi kuifikiria hivyo.

Mchana tulishuka Thika Road hadi Makumbusho ya Taifa. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970. Ndovu mmoja kapewa bia, mwingine walinzi! Lakini mimi nilibaki na jina la zamani la jumba lenyewe. Lilipofunguliwa mwaka 1930 liliitwa Coryndon, kwa heshima ya gavana aliyefika Kenya mwaka 1922. Tena 1922.

Nikamwambia twende kwa miguu hadi barabara ya Harry Thuku, si mbali. Thuku alikuwa mpokea simu serikalini, akapinga kipande, kodi na wanawake kulazimishwa kazi. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa mbele ya kituo cha polisi kumdai. Mary Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, askari wakafyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 20 na kitu. Wengine walitaja idadi kubwa zaidi. Inasimuliwa pia kwamba walowezi waliokuwa wameketi kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, hapo jirani, nao walifyatua bunduki zao.

Miezi tisa baadaye mji huo huo ulianza kunywa bia yake. Nani hasa alikunywa? Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa mpaka miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Yeye alitengewa kilabu cha pombe cha manispaa kule Pumwani, ambako faida ilirudi kwa manispaa, huku mama aliyepika pombe nyumbani kwake akiwindwa na polisi. Ndiyo maana maneno ya kwenye lebo, "Bia yangu, nchi yangu", huwa nayasoma taratibu. Hiyo "yangu" ilichukua robo karne kufika kwenye chupa, na zaidi ya miaka 40 kufika kwenye nchi.

Mdogo wangu alisikiliza, akatazama baraza ya Norfolk, akasema basi tuketi hapo hapo. Tukaketi, tukaagiza Tusker mbili.

"Baridi ama moto?" mhudumu akauliza.