Chungu cha Pombe na Mkono wa Serikali

Msomaji, huenda ukastaajabu kuona insha ya historia inayohusu pombe. Shuleni tumezoea kusoma habari za vita, mikataba, reli na uchaguzi. Lakini historia ya watu haikai katika mabaraza ya wakubwa peke yake. Hukaa pia jikoni, sokoni na chunguni. Ukitaka kujua serikali iliwaonaje watu wake, tazama iliwaruhusu wanywe nini, wapi, saa ngapi, na kwa faida ya nani. Nakuomba basi uje nami mpaka Kaloleni, mtaa wa zamani katika mji wa Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, tuifuate safari ya chungu cha pombe kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Insha hii haikusudii kukufundisha kunywa. Sheria ya Kenya yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa kileo, na sababu zake ni njema. Nia yangu ni kukuonyesha jinsi ya kuipima sheria.

Kabla ya kuja kwa Wazungu, Wajaluo wa kando ya ziwa walikuwa na pombe yao waliyoiita kong'o. Wanawake ndio waliokuwa mafundi wake. Waliipika kwa mtama au wimbi, na baadaye kwa mahindi pia. Nafaka nyingine ililowekwa mpaka ikachipua, ikaanikwa na kusagwa ikawa kimea; unga mwingine ulikandwa, ukaachwa uchachuke, ukakaangwa motoni. Kisha vyote viwili vilitiwa maji chunguni na kuachwa siku chache. Pombe ya namna hiyo, ambayo leo yajulikana kwa jina la busaa, ni nzito na chachu, na ulevi wake si mkali. Wazee walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke, wakanywa pombe ikiwa vuguvugu huku wakizungumza mambo ya ukoo. Usidhani kwamba walevi hawakuwako; walikuwako. Lakini chungu kilikuwa na walinzi wake. Wazee walikilinda kwa desturi, na nafaka yenyewe ilikuwa sheria: mwaka wa njaa, hapakuwa na pombe.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na ndipo mji wa Kisumu ulipoanza kukua. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi za mshahara. Hapo pombe iligeuka. Badala ya kuwa karamu ya mavuno ikawa bidhaa. Mwanamke aliyefika mjini bila mume na bila shamba aliona kwamba ujuzi aliofundishwa na mama yake waweza kumlisha na kuwasomesha watoto wake. Pia walikuja Wanubi, askari waliotoka Sudan pamoja na jamaa zao, ambao baadhi yao walikaa Kibos, karibu na Kisumu. Ujuzi wao wa kuigeuza pombe kuwa mvuke na kuukusanya tena ukiwa kinywaji kikali ulienea, na kinywaji hicho ndicho tukiitacho leo chang'aa.

Kumbe mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kujadili kinywaji cha Mwafrika kabla ya reli kufika. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya mvinyo mkali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaongeza makatazo. Si haki kusema kwamba nia yote ilikuwa mbaya. Mvinyo wa bei rahisi ulikuwa umeharibu watu wengi katika pwani za Afrika. Lakini mikataba hiyo iliandikwa na watu ambao hawakumwuliza Mwafrika neno lolote; nao wenyewe, walipokaa katika klabu zao jioni, hawakuacha kunywa.

Mwaka 1922 ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, walishiriki kuanzisha kiwanda cha bia karibu na Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na bia ya Tusker ikapewa jina la kumkumbuka ndovu huyo. Bia hiyo ilikuwa ya shayiri, nyepesi, ya chupa. Mwafrika aliweza kubeba makasha yake na kumwandalia Mzungu mezani, lakini sheria haikumruhusu kuionja. Yeye alitengewa pombe ya kienyeji, nayo pia ikawekewa mipaka. Katika mji wa Durban, Afrika Kusini, ulikuwa umebuniwa mwaka 1909 mpango wa Halmashauri ya mji kuwapikia na kuwauzia Waafrika pombe peke yake, na kutumia faida yake kuendesha mambo ya Waafrika haohao. Mapema katika miaka ya 1920 Nairobi iliufuata mpango huo. Tafakari jambo hili, msomaji. Mwanamke aliyepika chungu kimoja nyuma ya nyumba alikuwa mhalifu. Manispaa iliyopika mapipa ilikuwa mfadhili. Pombe ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mfuko uliopokea fedha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, askari Waafrika walirejea kutoka Burma na kwingineko wakiwa wameona mengi. Miaka michache baadaye Serikali iliwaruhusu Waafrika wanunue bia ya chupa. Kwa hiyo chupa ikawa alama ya heshima, na chungu kikaanza kuonewa haya. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi walitarajia kwamba ubaguzi huo ungekwisha. Lakini sheria zilibaki mbili: moja ya bia ya chupa, na nyingine, iliyotungwa mwaka 1971, ya pombe za kienyeji. Mpaka uliokuwa wa rangi ya ngozi ukawa mpaka wa uzito wa mfuko. Rais Moi aliposhika madaraka mwaka 1978 mambo yalizidi kuwa magumu: vilabu vya busaa vilifungwa, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kuiharamisha chang'aa kabisa.

Je, katazo hilo lilikomesha unywaji? Fikiri kidogo juu ya vitu vyenyewe. Busaa yahitaji vyungu vikubwa, yachukua siku kadhaa, na harufu yake yamwita askari kutoka mbali. Chang'aa ina nguvu mara nyingi zaidi, na kibuyu kidogo cha chang'aa chaweza kufichwa chini ya kitanda. Mashamba ya miwa yako karibu na Kisumu, huko Kibos, Miwani na Muhoroni, na sukari guru hupatikana bila shida. Hiyo ndiyo mali ghafi ya mpikaji. Basi sheria inayoharamisha vyote viwili humfundisha mpikaji kuacha kilicho chepesi na kushika kilicho kikali. Huko Marekani pombe iliharamishwa mwaka 1920, na matokeo yalikuwa hayohayo: bia ilipungua na mvinyo wa magendo ukashamiri, mpaka katazo likaondolewa mwaka 1933. Tena ni jambo la kutazamwa kwamba mwaka 1978 Rais Carter wa Marekani alitia saini sheria ya kuwaondolea kodi watu wanaojitengenezea bia nyumbani. Wengi wa mafundi hao wa nyumbani baadaye walifungua viwanda vidogo, kila kimoja na ladha yake, na leo viwanda hivyo vyahesabiwa kwa maelfu. Katika miaka ileile fundi wa busaa wa Kaloleni alikuwa akimwaga chungu chake asikamatwe.

Gizani hakuna mkaguzi. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Yafanana na kileo kwa sura na harufu, lakini mwilini hugeuka sumu inayoua mshipa wa macho. Mwaka 2014 watu wengi tena walikufa katika kaunti kadhaa. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tumejifunza kwamba mgema akijificha, mnywaji hajui kilichotiwa.

Serikali nayo ilijifunza, ingawa polepole. Mwaka 2004 kiwanda kikubwa cha bia kilileta bia ya pipa iitwayo Senator, nayo ikapunguziwa ushuru ili maskini waache chang'aa. Bia hiyo ilikuja kutengenezwa kwa mtama wa wakulima wa Kenya. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya nafuu hiyo iliondolewa. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na mtama wao. Mwaka 2015 nafuu ilirudishwa. Kisha kiwanda kipya kikajengwa Kisumu, kwa kazi iliyoanza mwaka 2017. Hivyo mtama umerudi kando ya ziwa, si katika vyungu vya udongo, bali katika mapipa ya chuma.

Na yule mwanamke wa Kaloleni? Sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliondoa katazo la chang'aa. Lakini iliagiza kwamba chang'aa iuzwe katika chupa za kioo zenye anwani na maonyo, kwa leseni, na baa za kawaida zikaagizwa kufunguliwa kuanzia saa 11 jioni siku za kazi. Kila sharti lina sababu yake. Hata hivyo mtu mwenye vyungu vitatu atanunua wapi mtambo wa chupa? Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kikawekwa juu kuliko kimo chake. Kwa hiyo aliendelea kupika kwa siri, na kulipa si kodi kwa Hazina, bali faini kortini au hongo njiani.

Usinielewe vibaya, msomaji. Pombe imevunja nyumba nyingi mno katika nchi yetu. Waislamu wa Kisumu waliikataa tangu zamani, na Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906 wakafundisha hivyohivyo. Kilio cha mke ambaye mshahara wa mumewe waishia kilabuni si uongo. Mnywaji apendaye ladha ya chungu cha kwao ana haki ya kusikilizwa, na mke huyo ana haki kubwa zaidi. Sheria ya pombe ni lazima iwepo. Swali ni sheria ya namna gani.

Siku yaja ambapo wewe mwenyewe utapiga kura, au utaketi katika baraza la kaunti, maana tangu Katiba ya mwaka 2010 kazi ya kutoa leseni za pombe imekuwa ya kaunti. Utakapoletewa sheria ya namna hii, uliza maswali matatu. Yamlinda nani? Yamgharimu nani? Yamtajirisha nani? Ukiona kwamba mlindwaji hakuulizwa, mgharimiwa ni maskini, na tajiri ni yuleyule wa jana, irudishe sheria hiyo ikaandikwe upya.