Kuinua mzigo kwa kreni mbili

Kuinua mzigo kwa kreni mbili ni njia ya kupakia au kupakua shehena nzito melini kwa kutumia kreni mbili kwa wakati mmoja. Hutumika pale ambapo mzigo umezidi uwezo wa kreni moja, au ni mrefu mno kushikwa na ndoano moja. Mifano ya mizigo hiyo ni transfoma, vichwa vya treni, boti na mitambo ya viwanda.

Mgawanyo wa uzito

Kreni mbili hazigawani uzito nusu kwa nusu kila mara. Mgawanyo hutegemea mahali kilipo kitovu cha uzito. Tuseme mzigo wa tani 300 una kitovu kilicho mita 4 kutoka ndoano ya kwanza na mita 6 kutoka ya pili. Ndoano ya kwanza itabeba tani 180 na ya pili tani 120. Kama kila kreni ina uwezo wa tani 150, ya kwanza itazidiwa, ingawa jumla ya uwezo wao ni tani 300.

Ndoano moja ikipanda haraka kuliko nyingine, mzigo huinama na mgawanyo hubadilika. Waya zikivutwa kimshazari, mkono wa kreni hupata nguvu ya pembeni ambayo haukuundwa kuistahimili.

Uthabiti wa meli

Mzigo unaoning'inia huathiri meli kana kwamba uzito wake wote uko kwenye ncha ya mkono wa kreni. Hivyo uthabiti wa meli hupungua. Mzigo ukipelekwa nje ya ubavu, meli huinamia upande huo. Ili kuisawazisha, maji ya balasti huhamishwa kwa pampu kati ya matangi.

Utekelezaji

Kabla ya kazi, mpango huandaliwa ukionyesha uzito, kitovu chake na uwezo wa kila kreni katika kila hatua. Mwendo huwa wa polepole, na waendeshaji wote hufuata amri za mtu mmoja.

Mfano

Sleipnir, meli ya kreni ya kampuni ya Heerema ya Uholanzi, ina kreni mbili zenye uwezo wa tani 10,000 kila moja. Mwaka 2019 zilitumika pamoja kuinua sehemu ya jukwaa la gesi la Leviathan, karibu na pwani ya Israeli, yenye uzito wa tani 15,300. Ilikuwa rekodi ya dunia wakati huo.